Jua, jiwe la angani au mto Nyamwamba: tuogope kipi Kasese?

Swali: "Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina kibanda cha pesa za simu na friza ya samaki hapa Kasese mjini, si mbali na mto. Kuna video inazunguka WhatsApp ikisema jua litatoa dhoruba kubwa, umeme na intaneti vizimike dunia nzima kwa miezi, na pesa zote zilizo kwenye simu zipotee. Nyingine inasema mwaka 2029 jiwe kubwa la angani litapita karibu sana, huenda likatugonga. Mume wangu anacheka, anasema hayo ni matatizo ya Wazungu, shida yetu sisi ni Nyamwamba tu. Nani mkweli? Nitoe floti yangu yote? Na nilikuwa nimepanga kununua sola. Je, hiyo dhoruba haitaiunguza?"

Jibu: Dada, karibu. Nianze na floti, maana nahisi ndiyo inayokunyima usingizi. Usiitoe kwa sababu ya jua. Salio lako halikai ndani ya simu wala kwenye laini. Limeandikwa kwenye kompyuta za kampuni ya simu, na kumbukumbu hizo hunakiliwa mahali zaidi ya pamoja. Dhoruba ya jua haifuti maandishi hayo. Linaloweza kutokea ni mtandao kukatika ukabaki na salio usiloweza kuligusa, na hilo wewe wakala unalijua kuliko mimi. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama tano na pesa za simu zikakwama. Ilizimwa kwa amri. Jua halikuwa na mkono pale.

Dhoruba yenyewe ipo kweli, si uzushi wa vijana. Jua hurusha mara kwa mara mawingu makubwa ya gesi yenye umeme na usumaku. Wingu likielekea kwetu kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu kufika, na likifika hutikisa usumaku wa dunia. Usumaku ukitikisika, umeme huzuka ndani ya nyaya ndefu sana, zile za mamia ya kilomita. Tarehe 1 Septemba 1859 Mwingereza Richard Carrington aliona mmweko juani akiwa kwenye darubini yake, na baada ya saa kama 17 na nusu wingu likawa limeshafika. Nyaya za telegrafu za Ulaya na Marekani zilitoa cheche, baadhi ya makarani wakapigwa shoti, na ile mianga ya rangi ambayo kwa kawaida huonekana karibu na ncha za dunia ikaonekana mpaka Karibi. Mwaka 2012, mwezi wa Julai, wingu jingine ambalo wanasayansi wanalilinganisha na lile la 1859 lilikata njia ambayo dunia hupita. Lingetoka wiki moja hivi mapema, lingetupata.

Video inapotia chumvi ni kwenye "dunia nzima" na "miezi". Machi 1989 dhoruba iliangusha gridi ya Quebec, Kanada, ndani ya muda usiofika dakika mbili, na watu milioni 6 wakakaa gizani. Wengi wao walirudishiwa umeme baada ya muda wa saa 9 hivi. Quebec iko kaskazini sana, juu ya miamba migumu isiyopitisha umeme vizuri, na nyaya zake ni ndefu kupindukia. Wewe ukitoka Kasese kwenda Mbarara unapita alama ya Ikweta pale Kikorongo. Umeme huo wa kuzuka nyayani huwa mkali kuelekea ncha za dunia, na huku kwetu hupungua sana. Simu yako haina waya wa kilomita 200, wala friza yako.

Sisi wa Ikweta tuna kero yetu nyingine ambayo hao wa kaskazini hawaijui sana. Jua likishazama, tabaka la juu kabisa la hewa, lile lenye chembe za umeme, huchafuka kama maji yanayoanza kuchemka, hasa kwenye Machi na Septemba. Mawimbi ya setilaiti yakipita humo hutetereka. Ndiyo maana kipimo cha GPS kinaweza kuyumba saa mbili za usiku hata pasipo dhoruba yoyote. Anayeumia hapo ni rubani au mpima ardhi anayetaka usahihi mkubwa. Muuza samaki hana habari.

Mwezi Mei 2024 ulitupa somo zuri kuhusu mambo haya, na nadhani watu wengi walilisoma kinyume. Tarehe 10 Mei dunia ilipigwa na dhoruba kali kuliko zote tangu 2003. Huko Marekani baadhi ya wakulima walisimamisha kupanda mahindi kwa sababu trekta zao zinazoongozwa na setilaiti zilipoteza mstari. Siku mbili baadaye, tarehe 12, intaneti ikalala Uganda, Kenya, Tanzania na jirani zetu wengine. Watu wakaunganisha moja na moja: jua! Kumbe nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Miezi michache kabla, Februari, meli Rubymar iliyopigwa kombora na Wahouthi wa Yemen ilikuwa imeburuta nanga katika Bahari ya Shamu, na inaaminika ndiyo iliyokata nyaya tatu za huko. Nanga moja ya meli iliyoachwa ikielea iliwatesa watu wengi zaidi kuliko jua.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na mumeo anaposema "matatizo ya Wazungu". Uganda haina bahari. Intaneti yetu karibu yote huingia kwa nyaya zinazotoka Mombasa na Dar es Salaam, na mafuta huja kwa malori kupitia Malaba na Busia. Unakumbuka Januari 2022, madereva walipogoma mpakani kwa sababu ya vipimo vya korona? Ilitosha foleni ya malori kufanya petroli iadimike na bei ya lita ipande karibu maradufu sehemu nyingine. Minara ya simu inayotumia jenereta hunywa dizeli hiyohiyo. Kwa hiyo dhoruba kubwa ikiunguza transfoma nyingi Ulaya au Marekani, nyaya zetu zinaweza zisiguswe kabisa, lakini tutajikuta mwisho wa foleni ya kununua transfoma kubwa za vituo vya umeme, ambazo hata nyakati za kawaida huagizwa na kungojewa kwa miezi mingi. Shida ya kaskazini kwetu hufika kwa lori, na huchelewa, lakini hufika.

Jiwe la 2029 halitachukua nafasi kubwa. Linaitwa Apophis, lina upana wa mita 350 hivi, na litapita Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029 kwa umbali wa takriban kilomita 32,000 kutoka usoni mwa dunia, chini ya setilaiti nyingi za televisheni. Halitatugonga. NASA ilitangaza mwaka 2021, baada ya kulipima upya kwa rada, kwamba halina hatari kwa angalau miaka 100. Tena Afrika tumebahatika: kwa saa za kwetu litakuwa karibu zaidi usiku wa kuamkia tarehe 14, saa saba kasoro robo hivi, na litaonekana kwa macho matupu kama nyota inayotembea, kama mawingu ya Aprili yataturuhusu. Waamshe watoto waone.

Mawe madogo huanguka kweli, na Uganda tuna kisa ambacho vitabu vya sayansi vya dunia nzima hukitaja. Tarehe 14 Agosti 1992 kimondo kilipasukia juu ya Mbale na vipande vyake vikamwagika mjini na vijijini. Kipande kidogo cha gramu 3.6 kilipita kwenye majani ya mgomba, kikapunguza kasi, kikamgonga mvulana kichwani. Hakuumia. Ndiyo hatari ya mawe ya angani kwa kipimo cha maisha yetu: ipo, lakini sikumbuki Mganda aliyezikwa kwa ajili yake. Isitoshe, Septemba 2022 binadamu waligonga jiwe liitwalo Dimorphos kwa chombo kilichorushwa makusudi, wakafupisha mzunguko wake kwa zaidi ya nusu saa, kwa hiyo hata kinga imeanza kupatikana.

Sasa tuje mtoni, ambako maneno yangu ni mengi.

Mumeo anazungumza kana kwamba Nyamwamba ni jambo la Kasese na hatari za sayari ni jambo la angani. Mimi naona mto huo ndio mahali ambapo sayari inakufikia mlangoni. Hewa ikipata joto la nyuzi moja zaidi, huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvuke huo haubaki juu. Hushuka, na mara nyingi hushuka kwa kishindo, saa moja ikamwaga mvua iliyozoea kunyesha siku nzima. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza ambao wastani wa joto la dunia ulipita nyuzi 1.5 juu ya ule wa kabla ya viwanda. Uganda imechangia kidogo mno katika joto hilo, ila milima haiulizi nani alichoma makaa ya mawe.

Angalia mvua ilivyotufanya. Mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto lisilo la kawaida, na Afrika Mashariki ikanyeshewa kupita kiasi. Ziwa Victoria hupata sehemu kubwa ya maji yake, kama asilimia 80, kutoka mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na lina mlango mmoja tu wa kutokea, pale Jinja. Likajaa. Mei 2020 lilivuka kiwango cha mwaka 1964, rekodi iliyokuwa imekaa zaidi ya miaka 50. Kabla ya hapo, katikati ya Aprili, maji yalikuwa yameng'oa kisiwa cha matete na udongo kikaelea hadi kwenye bwawa, kikaziba mitambo ya umeme, na nchi nzima ikawa gizani. Fikiria hilo: dhoruba ya jua haijawahi kuizima Uganda, lakini matete yameizima.

Ukame nao ulikuwa umefanya vivyo hivyo kabla. Mwaka 2005 na 2006 ziwa lilishuka hadi mgao wa umeme ukawa siku unao, siku huna. Wataalamu wa maji waliokokotoa baadaye waliona kwamba kama nusu ya kushuka huko ilitokana na uhaba wa mvua, na nusu nyingine ilitokana na sisi kuachia maji mengi mno kupitia mabwawa ya Jinja. Leo tuna Bujagali, Isimba na Karuma, megawati zimeongezeka sana, lakini zote tatu ziko kwenye mto Nile huohuo, zinakunywa kutoka mlango uleule. Mimi hilo linanitisha kuliko Apophis.

Kuhusu Nyamwamba, kuna maelezo mawili yanayozunguka Kasese ambayo ningependa tuyaweke sawa. La kwanza linasema mafuriko yanatokana na theluji ya Rwenzori kuyeyuka. Theluji inakwisha kweli. Msafara wa Mwitaliano, mwanamfalme aitwaye Duke wa Abruzzi, ulipopanda mwaka 1906, barafu ilifunika kilomita za mraba kadhaa. Leo haifiki hata moja. Ni hasara ya kuumiza kwa yeyote anayeipenda milima ile. Lakini barafu iliyobaki ni ndogo mno kuleta mafuriko. Vipimo vya mto Mubuku, jirani wa Nyamwamba, vilionyesha kwamba maji ya barafu ni chini ya asilimia 2 ya maji yote ya mto ukifika chini. Mafuriko ni ya mvua.

La pili ni lile la maofisa: kila nyumba ikibebwa, husikii ila "mabadiliko ya tabianchi". Nalo ni nusu ya hadithi, na nusu hiyo imekuwa kisingizio kizuri. Chukua mafuriko ya tarehe 1 Mei 2013, yale yaliyoipiga hospitali ya Kilembe. Mwaka mmoja kabla, moto ulikuwa umeteketeza mimea ya juu kwenye vyanzo vya mto. Udongo usio na mizizi ulipopata mvua kubwa ukaporomoka mtoni pamoja na mawe na magogo, na kilichoshuka mjini hakikuwa maji tu, kilikuwa tope lenye mawe ya ukubwa wa friza yako. Ongeza mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, yaliyorundikwa kando ya mto tangu miaka ya 1950, ambayo kila mafuriko huyamega na kuyapeleka bondeni. Mwezi Mei 2020 mto ukarudi, hospitali ileile ikapigwa tena. Joto la dunia liliongeza mvua. Moto, mgodi na nyumba zilizojengwa ndani ya njia ya mto ni vya kwetu.

Vilevile mlima Elgon, mashariki. Nametsi kule Bududa, Machi 2010, mlima ulifunika kijiji na inakisiwa mamia walikufa. Bududa tena Oktoba 2018. Bulambuli Novemba 2024. Mteremko mkali, udongo mzito wa volkano, migomba na mahindi mahali palipokuwa na msitu, kisha mvua isiyokatika. Na Agosti 2024 jaa la taka la Kiteezi karibu na Kampala liliporomoka likaua watu zaidi ya 30. Mlima ule tulijirundikia wenyewe.

Kwa hiyo, dada, kipaumbele chako kiwe mto. Kama kibanda kiko ndani ya ile sehemu iliyofikiwa na maji mwaka 2013 au 2020, kodi ya mwaka ujao ilipe mahali pengine, hata kama wateja watapungua kidogo. Najua ni rahisi mimi kusema. Ukilazimika kubaki, tafuta namba ya mtu anayekaa juu Kilembe na mkubaliane akupigie mto ukibadilika, kwa kuwa mvua inaweza kunyesha milimani huku mjini jua linawaka. Maji yakigeuka ghafla kuwa tope zito, ukisikia mawe yakigongana, usisubiri mwenyekiti wa kijiji (LC1) atangaze. Dalili mbaya kuliko zote ni mto kupungua ghafla wakati mvua inanyesha. Watu hufurahi, wengine hushuka kuokota samaki, kumbe kuna mahali juu udongo umeporomoka na kuziba njia, na maji yanajikusanya. Hapo kimbia, na ukimbilie upande wa juu, usifuate barabara inayoteremka na mto.

Daftari la wakala, vitambulisho na simu ya akiba vitie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, uwe mahali pa kuufikia gizani. Weka pesa taslimu za kukutosha chakula na dawa kwa wiki moja, si zaidi. Floti iliyobaki iache ilipo. Friza iliyojaa hushika baridi kwa takriban siku mbili umeme ukikatika, iliyojaa nusu tu hushika siku moja, mradi hamuifungui kila mteja akipita kuuliza bei. Hayo yatakufaa kwa mafuriko, kwa kukatika kwa nyaya za baharini, na hata kwa dhoruba ya jua ikija.

Hukuuliza tetemeko, lakini ukikaa Kasese sharti ulitaje. Bonde la ufa linapanuka polepole chini yetu, na tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la Toro liliua takriban watu 150. Hakuna anayeweza kutabiri tarehe ya jingine. Ukiletewa video yenye tarehe, ifute. Unachoweza kufanya ni kuufunga mshipi wa zege juu ya kuta unapojenga, na kabati nzito zisikae juu ya vichwa vya watoto.

Sola nunua. Dhoruba ya jua si joto wala miale inayozidi kwenye paneli, na nyaya za mita chache kutoka paani hazizushi umeme wa maana. Adui wa sola, friza na simu iliyo kwenye chaji ni radi, na kwa radi Uganda ni miongoni mwa nchi zinazopigwa zaidi duniani. Juni 2011 radi moja iliua watoto 18 katika shule ya Runyanya, Kiryandongo. Mwambie fundi azike waya wa ardhi, na usimlipe mpaka uuone umezikwa, maana wengi huuruka. Mawingu yakianza kunguruma chomoa friza na chaja. Betri isikae sakafuni, weka kwenye rafu juu ya alama ya maji ya 2020, na rafu hiyo ifungwe ukutani kwa skrubu ndefu.